Ushahidi wa Mama Vifungo

Kambini walimwita Mama Vifungo, na jina lenyewe hakulipenda. "Kwani mimi shati?" alikuwa akisema. Lakini akiitwa aliitika, maana wateja wake ndio hao hao. Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, fundi cherehani raia katika kambi ya jeshi. Kwa miaka ishirini na minne alishona, akapunguza, akapanua na kutia viraka sare za watu wa kila cheo, kuanzia kuruti ambaye suruali inamvaa badala ya yeye kuivaa, mpaka kanali ambaye tumbo limempita cheo.

Mumewe alikuwa koplo. Alipofariki, Shangazi aliachiwa chumba kimoja cha bati karibu na lango, kati ya kinyozi na stoo ya viatu. Nusu ya mbele ilikuwa ya kazi. Nusu ya nyuma, nyuma ya pazia, vilikuwa vitanda vyetu viwili, kwa sababu mimi niliishi naye miaka mitatu nikisomea ualimu. Kila Januari Kamanda wa kikosi alitia sahihi karatasi ya kumruhusu kukaa mwaka mwingine. Kwa hiyo Shangazi alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Salamu kwa kila mtu, "ndiyo, Afande" kwa kila neno, na maoni yake aliyaacha nyuma ya pazia.

Jambo moja tu lilimfanya awe mkali, nalo ni kazi. Uzi wa vifungo aliupaka nta kwa mkono. Kila kifungo alikipitishia sindano mara nane, kisha akauzungusha uzi shingoni mwa kifungo mara tatu na kuufunga kwa nyuma. Ukimwambia "Shangazi, hivyo inatosha," alikuangalia kama umemtukania marehemu.

Alhamisi moja, kama saa nne asubuhi, aliingia askari wa kike aliyeendesha gari la maji la kambi. Wote tulimwita Dereva. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mcheshi, mtu wa kupiga honi mara mbili kila akipita dirishani kwetu. Siku hiyo alivaa fulana ya michezo, na shati lake la sare alikuwa amelikunja kwapani.

"Mama, naomba unishonee haraka. Kesho kuna gwaride."

Shangazi alilikunjua mezani. Mimi nilikuwa pembeni napiga pasi, nikaona vifungo vitatu havipo. Si kwamba vilidondoka. Mahali pa kila kifungo palikuwa na tundu, nguo imenyofoka, na cha nne kilining'inia pamoja na kipande cha kitambaa. Shangazi aligeuza shati ndani nje, akalipitishia vidole, akalirudisha. Halafu akaenda kufunga mlango. Tangu nihamie pale sikuwahi kuuona mlango ule umefungwa mchana.

"Mwanangu," akasema, "hili silishoni."

"Kwa nini, Mama?"

"Nikilishona nitakuwa nimelifuta."

Dereva alikaa juu ya robota la vitambaa. Hakulia. Aliangalia mikono yake, akasema neno moja tu: "Sajinimeja." Halafu: "Ghala la matairi. Aliniita nikachukue tairi la akiba."

Shangazi hakumuuliza alifuata nini huko, wala kwa nini alikwenda peke yake. Alimpa shati lingine jipya, akalifunga lile la kwanza kwenye karatasi ya kaki, akaandika tarehe na saa kwenye karatasi ile, akaniambia nami niandike jina langu chini. Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea, akamshika mkono Dereva, wakaenda hospitali ya mjini. Zahanati ya kambi ilikuwa jirani, lakini tabibu wake alikuwa chini ya Kamanda, na Shangazi alilijua hilo bila kuambiwa.

Sasa ni lazima nieleze mambo yalivyokuwa yakienda kambini, vinginevyo msomaji hatanielewa. Askari akidhulumiwa, malalamiko yake huenda kwa kamanda wake. Kamanda ndiye anayeamua kama ni kosa la nidhamu la kumalizwa ofisini au ni la mahakama ya kijeshi. Likiwa la mahakama, kamanda ndiye anayeteua wajumbe wa kulisikiliza. Likiisha, hukumu hurudi kwake ithibitishwe, au ipunguzwe. Wahenga walishasema kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, lakini wahenga hawakufika mpaka huko ambako ngedere ndiye anayechagua na baraza la wazee.

Kamanda wetu hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo lililonichanganya. Mume wa Shangazi alipofariki, yeye mwenyewe alishika pembe moja ya jeneza. Lakini shingoni alikuwa na kovu la moto, na aliyemtoa kwenye gari linaloungua, vitani, alikuwa Sajinimeja. Watu wawili wenye deni la namna hiyo hawahukumiani.

Dereva alipowasilisha malalamiko yake, Kamanda alimwita ofisini. Mazungumzo yao nilisimuliwa na Dereva mwenyewe.

"Umharibie mtu miaka ishirini na miwili ya utumishi," Kamanda alimwambia, "kwa jambo la dakika tano?"

"Afande, na miaka yangu mimi?"

"Wewe bado mdogo. Utasahau."

Kesho yake alinyang'anywa funguo za gari la maji, akahamishiwa jikoni "kwa usalama wake". Sajinimeja hakuhamishwa kokote. Kila asubuhi tulisikia sauti yake uwanjani ikiamuru watu wageuke kulia, wageuke kushoto, na Dereva alikuwa miongoni mwa waliogeuka. Watu wakaanza kumwita Mwenye Kesi. Rafiki zake wakawa wanakula meza nyingine.

Mwezi huo huo askari mmoja alikamatwa ameiba matairi mawili kwenye ghala lile lile. Alishtakiwa, akasikilizwa na kufungwa ndani ya wiki tatu. Hakuna aliyeuliza matairi yalikuwa yamekaaje mpaka yakaibiwa.

Kesi ya Dereva ilichukua miezi minane kufika mbele ya meza. Katika miezi hiyo alishauriwa na kila mwenye mdomo aifute. Padri wa kambi, tabibu wa zahanati, mke wa Kamanda, hata mama yake mzazi alisafiri kuja kumwambia, "Mwanangu, mzigo mwingine huwekwa chini tu." Alimsikiliza mama yake kwa heshima, akamsindikiza kituoni, akarudi kwetu kuandika barua nyingine makao makuu. Aliandika barua nne. Mimi nilizinakili kwa mwandiko mzuri, yeye alisoma kila neno kabla ya kutia sahihi, na mara mbili alinifutisha maneno niliyoyaongeza kwa hasira. "Sitaki kutia chumvi," alisema. "Ilivyo inatosha." Nilikuwa karibu na umri wake, na nilijiona mtoto mbele yake.

Makao makuu wakaamuru mahakama ikae. Wajumbe wakateuliwa watano, wote wanaume, na watatu kati yao walifundishwa kutembea gwaride na Sajinimeja mwenyewe.

Wiki moja kabla ya kesi, Kamanda alikuja chumbani kwetu. Alileta suruali ya kupunguza, ingawa suruali zake huletwa na askari wake wa ofisini. Shangazi alipiga magoti kupima pindo, pini mdomoni.

"Mama, nasikia umeitwa kuwa shahidi."

"Nimeitwa, Afande."

"Unajua chumba hiki ni cha jeshi."

"Najua, Afande. Hata mimi ni wa jeshi, kwa kuolewa."

"Basi uwaambie huna uhakika. Nguo ni nguo, huchakaa. Sitaki umwage unga wako kwa mambo ya watoto."

Shangazi alichomeka pini moja, ya pili, ya tatu.

"Afande, simama wima kidogo, nisikose kipimo."

Kamanda akasimama wima. Suruali ilikuwa tayari jioni ile ile, imepigwa pasi, mstari umenyooka. Shangazi hakuwahi kulipiza kisasi kwa sindano.

Mahakama ilikaa kwenye ukumbi wa mafunzo, wenye ubao mweusi ukutani na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu. Wajumbe walikaa kwenye meza ndefu, katikati yao kanali mwenyekiti. Sajinimeja alikaa pembeni na wakili wake, kapteni mwenye sauti ya kubembeleza, na kifuani alivaa nishani zake zote. Ndugu waliruhusiwa benchi la nyuma. Mama yake Dereva hakuja, kwa hiyo nilikaa mimi; Shangazi, kwa kuwa ni shahidi, alingoja nje.

Dereva alihojiwa siku mbili. Kwa kuwa nilikuwa na daftari la chuo, nilianza kuandika maswali, halafu nikaanza kuyahesabu. Aliulizwa maswali mia moja arobaini na moja. Kumi na tisa ndiyo yaliyohusu ghala la matairi. Yaliyobaki yalihusu fulana yake ya michezo, kucheka kwake, honi zake mbili, mvulana aliyemwandikia barua akiwa kuruti, na kwa nini hakuolewa. Sajinimeja alikuja kuulizwa maswali kumi na manne, saba kati yake yakiwa juu ya nishani.

Dereva alijibu yote amesimama mkakamavu. Alikuwa na haki ya kuomba kiti, hakuomba. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, kapteni alipunguza sauti kama anayemhurumia.

"Wewe ni askari. Jeshi lilikufundisha kupigana kwa mikono. Mbona hukupigana?"

"Nilipigana, Afande, mpaka aliponiamuru nitulie."

"Alipokuamuru? Ukatulia?"

"Jeshi lilinifundisha kupigana kwa wiki sita, Afande. Kutii amri lilinifundisha kila siku. Na aliyenifundisha ni yeye."

Nilimwangalia msichana yule, mgongo umenyooka, mikono ubavuni, jasho linamtiririka shingoni na yeye hajifuti. Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na moja tangu siku ile. Nimeona watu wengi wakisimama mbele ya wenzao. Kusimama kwa namna ile sijakuona tena.

Kisha akaitwa Shangazi.

Alivaa gauni lake la bluu na akashika pochi kwa mikono miwili. Alipoinua mkono kuapa niliona unatetemeka. Luteni mwendesha mashtaka alimpa karatasi ya kaki, Shangazi akaifungua mwenyewe, akalitandaza shati mezani na kulinyoosha mikunjo, kama alivyofanya na kila nguo maisha yake yote.

Kapteni aliinuka akitabasamu.

"Mama, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita, Afande."

"Na leo umekuja hapa kama mtaalamu wa nini?"

"Wa vifungo, Afande."

Walicheka. Hata mwenyekiti alicheka kidogo na kuficha kwa kikohozi. Shangazi aliwangoja wamalize, bila kununa, kama anavyongojewa mteja anayejisifia mbele ya kioo. Na nilipomtazama, mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka. Ilikuwa imeshika nguo.

"Kifungo kikichakaa," alisema, "uzi ndio unaokatika, na nguo inabaki nzima. Hiki hapa uzi ni mzima. Mmeona? Uzi haukukatika. Kitambaa ndicho kilichochanika, kikaondoka na kifungo. Hapo ni nguvu, Afande. Na si nguvu ya mwenye shati. Mwenye shati akiwa na haraka huvuta mbele, kwa mikono miwili. Matundu haya yote matatu yamechanika kuelekea bega la kushoto. Aliyevuta alisimama upande huu, akavuta kwa mkono mmoja."

"Labda uzi wako ni mbovu, Mama. Au mshono wako."

"Afande, uzi mbovu ungekatika. Na huo huo ndio uliouvaa wewe." Alisema bila kiburi, kama anayemwonyesha mtu njia. "Shati lako nililishona mwezi wa pili. La mwenyekiti pia, na ya wajumbe wote. La mshtakiwa nililimaliza juzi. Kama ni mbovu, basi tupo uchi wote humu."

Safari hii hakucheka mtu. Kapteni alitafuta karatasi fulani ambayo haikuwepo. Ndipo nilipomwona mjumbe wa mwisho kulia, meja kijana mwenye miwani, ambaye kwa siku mbili alikuwa akichora vijumba kwenye karatasi yake. Mkono wake ulikuwa umepanda polepole hadi kwenye kifungo cha shati lake mwenyewe. Akakivuta. Akakivuta tena, kwa nguvu. Mara ya tatu alikaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, na kifungo hakikuja. Akaushusha mkono mezani. Halafu akainua macho akamtazama Dereva, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, na hakuchora tena.

Shangazi alikuwa kizimbani nusu saa. Alipoteremka alimwomba mwenyekiti radhi kwa kuwapotezea muda.

Hukumu ilisomwa baada ya siku nne. Wajumbe waligawanyika, watatu kwa wawili. Shtaka la kubaka walisema halikuthibitika, ingawa cheti cha hospitali ya mjini kilikuwa mezani. Walimtia hatiani kwa kumdhalilisha askari wa chini yake na kwa mwenendo usiofaa, wakamshusha cheo na kumpa miezi sita ya kifungo cha kambi. Kamanda, "kwa kuzingatia utumishi wake uliotukuka", akaipunguza ikawa miwili.

Mimi nililia njiani hadharani. Dereva alipiga saluti, akageuka nyuma kwa hatua zote kama kitabu kinavyotaka, akatoka. Tulimkuta nje amesimama kwenye kivuli cha ukuta, anafungua na kufumba vidole.

"Mama, wamesema ni kweli," akamwambia Shangazi.

"Wamesema nusu, mwanangu."

"Nusu hiyo jana hatukuwa nayo."

Akaenda kukata rufaa. Yaani hakulala hata siku moja juu ya jambo lile, alikwenda moja kwa moja kwa yule luteni mwendesha mashtaka, na luteni, ambaye naye alikuwa na kazi ya kupoteza, alikubali kuandika. Jambo la ajabu ni kwamba barua iliyoifuata rufaa hiyo huko juu ilitoka kwa meja mwenye miwani. Alieleza kwamba yeye ni mmoja wa wawili walioshindwa kwa kura, na kwamba kamanda hapaswi kuchagua wa kumhukumu rafiki yake.

Januari ilipofika Kamanda hakutia sahihi. Hakuja kusema, hakutuma neno. Karatasi ilirudi tupu, na Shangazi akapewa siku saba.

Siku ya kuhama nilikuwa nimekodi mkokoteni. Kabla haujafika, tulisikia viatu. Askari wa kike kumi na wawili walikuwa wanakuja kwa mstari wa wawili wawili, siku yao ya mapumziko, lakini wamevaa sare kamili, zimenyooshwa. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wakila meza nyingine. Hawakuhutubia. Mmoja alibeba meza ya kukatia, wawili kitanda, mwingine pasi na ndoo. Dereva alibeba kichwa cha cherehani begani. Shangazi aliambiwa asibebe kitu, akashindwa, akabeba mto.

Njia fupi ya kwenda langoni ilipita nyuma ya stoo. Wao walipita mbele, mbele kabisa ya ofisi ya Kamanda, kwa mwendo wa gwaride, bila sauti ya kuwaamuru, na miguu yote ikapiga ardhi pamoja. Nilitembea nyuma yao na beseni la vijiko. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi na ndani kulikuwa na mtu amesimama. Hakuwazuia. Langoni, mlinzi alifungua malango yote mawili kama yanavyofunguliwa kwa gari, akampigia saluti mwanamke raia aliyebeba mto. Shangazi alimwitikia, "Ahsante, baba," akapita.

Rufaa ilichukua miaka miwili na miezi mitatu. Mahakama ya juu, ya kiraia, ilisema baraza lile halikuwa huru, ikaamuru kesi isikilizwe upya nje ya jeshi. Huko waliuliza juu ya ghala la matairi. Sajinimeja, wakati huo mstaafu, alifungwa miaka minane. Baadaye, polepole mno, malalamiko ya namna ile yalianza kupelekwa ofisi iliyo nje ya kambi, ingawa makamanda wana njia zao na sidai kwamba mambo yamenyooka. Dereva alibaki jeshini. Alirudishiwa usukani, na leo ndiye anayewafundisha madereva wapya magari makubwa. Wanasema ni mkali kwenye breki.

Shangazi alipanga kibanda mtaani, akaendelea kushona mpaka macho yalipokataa, kisha akahamia kwangu. Siku moja mchana, nikimkata kucha, nilimuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumuuliza.

"Shangazi, siku ile mahakamani uliogopa?"

"Niliogopa sana. Nilijua chumba kimekwenda."

"Mbona ulisema?"

Aliutuliza mguu wake mapajani mwangu.

"Yule mtoto alisimama siku mbili. Mimi niliombwa nusu saa." Kisha akauvuta mguu. "Unakata karibu na nyama, angalia."